Kuchora jicho la nusu milimita: ununue brashi gani?

Swali: Mtaalamu, salaam. Napaka rangi visanamu vya askari vya milimita 28, na huu ni mwaka wa pili. Nguo, ngao na farasi havinisumbui. Shida yangu ni macho, vifungo na mikanda. Macho yanatoka kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, na mstari wa mkanda unakatika katikati. Nilinunua seti ya brashi ndogo kabisa, za 5/0 hadi 20/0 (namba iliyo kabla ya mkwaju ikipanda, brashi inazidi kuwa ndogo), lakini rangi inakauka kwenye ncha kabla sijafika usoni. Rafiki mmoja ananiambia ninunue brashi ya nywele za kolinski, mwingine anasema niachane na brashi nitumie kalamu. Nina miaka 44, mkono unatetemeka kidogo, na siku hizi simu naisogeza mbali ndipo niisome. Uwezo wangu ni wa kununua vitu viwili au vitatu tu. Nianze na kipi?

Jibu: Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza yote bila kuficha, hata hilo la simu. Hilo ndilo lililonisaidia kukuelewa kuliko mengine, na nitalirudia. Lakini nianze na brashi za 20/0, kwa sababu naona zimekuonea. Mkono wako hauna kosa kubwa. Umeshika kifaa kinachoifanya kazi ngumu iwe ngumu zaidi, na huenda hata aliyekuuzia aliamini kwamba kitu kidogo hupakwa kwa brashi ndogo. Wengi tulianza na imani hiyo. Mimi nilikaa nayo miaka kadhaa, nikinunua ndogo, kisha ndogo kuliko hiyo, na kila nilivyoshuka namba ndivyo macho ya visanamu vyangu yalivyozidi kuharibika.

Tupime kwanza ukubwa wa kazi. Jicho la mtu mzima, kutoka kona hadi kona, lina upana wa milimita 30 hivi, na lile duara la rangi linaloizunguka mboni lina milimita 12 hivi. Kisanamu cha milimita 28 ni kama mtu aliyepunguzwa mara 60. Kwa hiyo jicho lake zima ni nusu milimita, na duara la katikati ni 0.2. Wachongaji wengi huwapa visanamu vichwa na macho makubwa kuliko ya kweli ili yaonekane, kwa hiyo mara nyingi utapata nafasi zaidi kidogo ya hiyo. Hata hivyo tunazungumzia alama ambayo ncha ya penseli iliyochongwa vizuri inaweza kuifunika yote. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini unachotafuta dukani ni ncha, na kwa nini namba iliyoandikwa kwenye mpini haikuambii mengi.

Itazame brashi ya duara. Ina mpini, ina kibati kinachobana nywele, kisha nywele zenyewe. Nywele hizo zina tumbo na ncha. Tumbo ni pale zinaponenepa baada ya kutoka kwenye kibati, na ndipo rangi inapokaa. Ncha ni pale zinapokutana zote mwishoni. Ncha huchora, tumbo huilisha ncha. Brashi namba 1 iliyotengenezwa vizuri inaishia kwenye nywele chache tu, sawa na 3/0 nzuri, lakini nyuma ya nywele hizo ina ghala la rangi. Ile ya 20/0 haina ghala. Ina ncha peke yake, na ncha isiyo na wa kuilisha hukauka njiani.

Kukauka huko kuna hesabu yake. Ukipunguza kipenyo cha tone la rangi kwa nusu, ujazo wake unabaki sehemu moja ya nane, lakini eneo lake la nje, ambalo ndilo linalopoteza maji, linabaki robo. Yaani tone dogo limekaa wazi kwa hewa mara mbili zaidi, ukilinganisha na maji liliyonayo. Punguza tena kwa nusu, hali inazidi kuwa mbaya. Na rangi ya akriliki haina msamaha: maji yakishatoka, chembe za plastiki zilizokuwa zinaelea ndani yake hushikana na hazirudi kuwa rangi tena hata ukiongeza maji. Ndiyo maana unaona ncha imefanya kijiwe kigumu, unaigusisha usoni mwa askari na hakitoki kitu, unabonyeza zaidi, halafu linatoka doa zima kwa mpigo. Hapo ndipo askari wako anapopata macho ya mshtuko.

Basi kitu cha kwanza cha kununua ni brashi moja ya duara, namba 1, yenye ncha nzuri. Nimesema moja. Achana na seti. Ukiwa na mkono mzito unaweza kuchukua namba 0, lakini usishuke chini ya hapo kwa sasa. Kumbuka pia kwamba watengenezaji hawakukubaliana kuhusu namba: namba 1 ya mmoja inaweza kuwa nene kama namba 2 ya mwingine. Angalia kwa jicho lako unene wa kibati na urefu wa nywele, usinunue namba.

Rafiki yako aliyesema kolinski hakukudanganya. Kolinski ni nywele za mkia wa mnyama wa jamii ya kicheche anayeishi Siberia na kaskazini-mashariki mwa Asia. Sifa yake ni umbo la kila unywele: mwembamba shinani, mnene katikati, mwembamba tena mwishoni. Ukizifunga pamoja tumbo na ncha vinajitokeza vyenyewe. Tena zina mrejeo: ukizikunja juu ya kisanamu na kuziachia, zinarudi mahali pake. Brashi inayojulikana zaidi ya aina hii ni Series 7 ya Winsor & Newton, ambayo ilianza mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria wa Uingereza, aliyekuwa akipenda kuchorea rangi za maji kwa brashi namba 7. Ipo pia 8404 ya Raphaël ya Ufaransa, Maestro ya da Vinci ya Ujerumani, na za Rosemary & Co za Uingereza. Nimetumia zote na sina ugomvi na hata moja. Tahadhari ni moja tu: Series 7 ina toleo linaloitwa Miniature, na jina hilo huwavuta sana watu wa kazi yetu. Nywele zake ni fupi kuliko za toleo la kawaida, kwa hiyo tumbo ni dogo. Mimi nakushauri uchukue la kawaida.

Hata hivyo jina kubwa haliondoi haja ya kukagua. Brashi mbili zilizotoka kiwanda kimoja, namba moja, zinaweza kutofautiana. Brashi mpya huja imegandishwa kwa gundi ili ncha isiharibike safarini, na gundi hiyo inaweza kuifanya brashi mbovu ipendeze. Omba maji. Ichovye, izungushe hadi gundi itoke yote, kisha ikung'ute mara moja kwa nguvu kuelekea chini. Usiishike kwa vidole. Brashi nzuri itajikusanya yenyewe na kutoa ncha moja kali. Ikitoa ncha mbili, au ikabaki na unywele mmoja unaochungulia pembeni, irudishe uombe nyingine. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika. Ukiagiza kwa mbali, fanya jaribio hilo siku ile ile kifurushi kinapofika, kabla haijagusa rangi, ili uweze kuirudisha.

Kama hutaki nywele za mnyama, au unaona mapema mno kutoa pesa nyingi kwa brashi moja, chukua ya sintetiki iliyo nzuri. Nyuzi zake zinateleza, hazishiki maji mengi kama unywele wa asili, na baada ya wiki kadhaa ncha yake hujikunja pembeni kama kulabu. Kulabu hiyo inaweza kunyooshwa kwa muda kwa kuitia ncha kwenye maji ya moto sana kwa sekunde chache na kuipa umbo kwa vidole, lakini itajikunja tena. Hesabu kwamba utabadilisha mara kwa mara. Hakuna aibu ndani yake. Nimeona nyuso nzuri mno zilizopakwa kwa sintetiki mpya, na nyuso mbovu zilizopakwa kwa kolinski iliyopasuka ncha.

Wachoraji wengi wa picha ndogo wa zamani walitumia nywele za kindi. Nicholas Hilliard, aliyewachora watu wa nyumba ya Malkia Elizabeth I kwenye picha za kukaa kiganjani, alitumia brashi za kindi zilizofungwa ndani ya bua la unyoya wa ndege. Mafundi wa picha ndogo wa India enzi za wafalme wa Mughal nao walitumia nywele za mkia wa kindi. Kindi ni laini mno na mrejeo wake ni hafifu, na bado walichora kope moja moja. Hao hunipa moyo kila ninapoanza kulaumu brashi.

Sasa turudi kwenye simu yako. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho huwa imepoteza unyumbufu mwingi, na vitu vya karibu huanza kufifia. Ni jambo la watu wote, lakini wapaka rangi wengi hawalitambui kwa sababu huja polepole. Wanadhani mkono umeharibika, kumbe mkono unafuata jicho, na jicho halioni. Mkono wa binadamu unaweza kufanya miendo midogo kwa usahihi wa ajabu pale jicho linapoona tofauti kati ya hapa na hapa. Kwa hiyo kitu cha pili cha kununua, na kwako nakaribia kusema ni cha kwanza, ni lenzi ya kukuzia inayovaliwa kichwani. Kabla ya hapo kapime macho. Pengine miwani ya kusomea pekee itakurudishia nusu ya ulichopoteza, na lenzi ya kichwani utaivaa juu yake.

Usidanganyike na namba kubwa ya ukuzaji. Kadiri lenzi inavyokuza ndivyo inavyokulazimu kukisogeza kisanamu karibu na uso. Lenzi ya kichwani ya mara 1.75 hukuacha ukifanya kazi sentimita 35 hivi kutoka machoni. Ya mara 2.5 inakuleta kwenye sentimita 20. Ya mara 3.5 inakubana kwenye sentimita 10, ambapo brashi yenyewe inakosa pa kupita na mpini unakugonga kwenye fremu. Tena eneo linaloonekana vizuri linakuwa jembamba: pua inaonekana, sikio limefifia. Mimi hutumia 1.75 kwa kazi nyingi na 2.5 kwa macho tu. Ukiweza kupata moja, chukua iliyo karibu na 2, au yenye lenzi za kubadilisha. Dakika chache za mwanzo utajisikia kama umelewa. Hiyo huisha kichwa kikishazoea.

Lenzi bila mwanga haitoshi. Kama unapaka mchana karibu na dirisha, huna haja ya kununua taa leo. Kama ni usiku, tafuta balbu yenye mwanga mweupe wa kati ya 5000 na 6500 Kelvini, na kwenye boksi angalia herufi CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa ukweli. Kiwe 90 au zaidi. Taa mbili ndogo, moja kila upande, zinashinda moja kubwa, kwa sababu taa moja hutupa kivuli cha brashi mahali hasa unapotaka kupaka.

Kutetemeka kwa mkono kusikutie hofu. Mikono yote hutetemeka, hata ya daktari wa upasuaji, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Kazi yetu ni kuzuia mtetemo huo usifike kwenye ncha. Umbali ndio unaokuza mtetemo: ukiegemeza kiwiko na kuacha mkono mzima ukielea, mtetemo mdogo wa kiwiko unakuwa mkubwa kwenye ncha. Kwa hiyo usikishike kisanamu kwa kitako chake. Kibandike kwa gundi laini ya kubandua juu ya kizibo kikubwa au kopo tupu la vidonge, kitu kinachojaza kiganja. Kaa vizuri, weka mikono yote miwili juu ya ukingo wa meza, gusanisha vifundo vya mikono vile kwamba mkono wa brashi na mkono wa kisanamu vinakuwa kitu kimoja, kisha kidole kidogo cha mkono wa brashi kiegemee kwenye kile kizibo. Sasa mikono ikitetemeka, inatetemeka pamoja. Shika brashi karibu na kibati. Ukifika kwenye mboni, toa pumzi polepole na uguse mwishoni mwa pumzi hiyo. Kahawa nyingi huongeza mtetemo, na mpini mwembamba unaokulazimu kubana sana huongeza pia. Uviringishie tepu hadi unene. Kama kutetemeka kwenyewe ni kwa karibuni na kunazidi mwezi hadi mwezi, hata usiposhika brashi, muone daktari.

Rangi sasa, kwa sababu brashi nzuri yenye rangi nzito itakuonyesha matatizo yale yale. Jitengenezee kibao chenye unyevu, huna haja ya kukinunua: kisanduku bapa chenye mfuniko, sponji nyembamba iliyolowa ndani yake, na juu ya sponji karatasi ya kuokea. Maji hupenya kidogo kidogo kupitia karatasi na rangi inabaki hai kwa saa nyingi badala ya dakika. Hicho peke yake kitamaliza nusu ya malalamiko yako ya kukauka. Rangi ya macho na mistari iwe nyepesi kuliko ya nguo, lakini isiwe maji. Itiririke kama wino na bado ifunike. Jaza tumbo la brashi hadi nusu tu, rangi isifike kwenye kibati, kisha iguse kwa upande kwenye karatasi laini ya kupangusia huku ukiizungusha. Hatua hii wengi wanairuka. Tumbo likiwa limejaa pomoni, rangi yote hukimbilia kwenye mfereji wa jicho mara tu unapogusa. Baada ya kuizungusha, chora mstari mmoja kwenye ukucha wa kidole gumba. Mstari ukitoka mwembamba na haukatiki, nenda usoni mara moja. Ukikatika, ongeza maji kidogo. Ukitawanyika, rangi ni nyepesi mno au brashi bado imejaa.

Mkanda unaokukatikia nadhani unauchora kwa ncha, kama anayeandika. Kwenye kisanamu mkanda umeinuka juu ya nguo, kwa hiyo mchongaji amekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Ilaze brashi, tumia ubavu wa tumbo, uutembeze juu ya ukingo ulioinuka. Rangi inashika pale palipoinuka tu, mstari unanyooka wenyewe, na mtetemo hauonekani. Ncha ibaki kwa mistari ambayo haikuchongwa. Kwa mistari hiyo ipo brashi yenye nywele ndefu na nyembamba, ya kuchorea kamba na matawi. Urefu wake humeza mtetemo. Ni nzuri, lakini haimo kwenye vitu vyako vitatu vya kwanza.

Vifungo, kwa upande mwingine, mara nyingi havihitaji brashi. Kijiti cha meno kilichochongwa kwa wembe, au sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye mpini, hutoa nukta ya duara kuliko nilivyowahi kupata kwa brashi. Kichovye kwenye rangi, gusa karatasini mara moja ili tone la kwanza, ambalo huwa kubwa, liishie hapo, kisha gusa kifungo. Ukubwa wa nukta unatokana na kiasi cha rangi kilichoning'inia, hautokani na wembamba wa sindano, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye karatasi hadi nukta tatu mfululizo zilingane.

Rafiki yako wa kalamu ana hoja, lakini kwa kisanamu cha milimita 28 siko upande wake. Kalamu ya Pigma Micron iliyoandikwa 005, ambayo wengi huikimbilia, hutoa mstari wa milimita 0.20. Linganisha na hesabu yetu ya mwanzo: mguso mmoja tayari ni duara zima la jicho, na huna uwezo wa kuupunguza. Ncha yake ya plastiki pia huchakaa haraka juu ya rangi isiyong'aa, ambayo kwa ncha hiyo ni kama msasa, na huziba kwa vumbi la rangi. Wino ukiwa bado mbichi, vanishi ya kupaka kwa brashi inaweza kuuburuta ukalifanya jicho lilie. Kwenye kisanamu cha milimita 54, ambapo duara la jicho linakaribia 0.4, kalamu inaanza kuwa na maana. Inafaa zaidi kwa maandishi kwenye bendera, ramani na kurasa za vitabu, mahali pakavu, bapa, penye nafasi. Acha wino ukauke hadi kesho yake na ujaribu vanishi mahali pa kufichika.

Kitu cha tatu ni sabuni ngumu ya kusafishia brashi, inayouzwa kwenye kopo. Inaonekana kitu kidogo, lakini ndiyo itakayoamua kama brashi yako itaishi miezi miwili au miaka miwili. Brashi yangu ya kwanza ya kolinski niliiua kwa mwezi mmoja. Niliiacha imesimama kwa nywele ndani ya kikombe cha maji nikaenda kupokea simu, na nilirudia hivyo kila siku. Ncha ilikunjika, maji yakaingia kwenye mpini, kibati kikalegea. Adui mkubwa zaidi ni rangi inayopanda hadi ndani ya kibati. Ikikauka humo inazitenganisha nywele kutoka shinani, na ndiyo sababu brashi nyingi hutoa ncha mbili. Suuza kila baada ya dakika chache hata kama hujabadilisha rangi. Mwisho wa kazi lowesha, zungusha juu ya sabuni polepole, suuza, rudia hadi povu liwe jeupe, kisha ipe ncha kwa vidole ikiwa bado na sabuni kidogo na uilaze ikauke. Usiirudishie kifuniko ikiwa mbichi, na ukirudisha hakikisha hakuna unywele uliokunjwa nyuma. Brashi hii isichanganye rangi, isipake rangi za chuma, isisugue kitu kikavu. Kazi hizo zipe brashi zako za zamani. Rangi za chuma zina vipande vidogo vinavyong'aa ambavyo hubaki kwenye nywele na majini, halafu unavikuta kwenye weupe wa jicho. Ziwekee hata kikombe chake cha maji.

Jambo moja nakuomba kwa moyo wote: usiipe brashi ncha kwa midomo. Utawaona wengi wakifanya hivyo, na wengine watakuambia rangi za siku hizi hazina sumu. Rangi ambayo haikutengenezwa kuliwa haina kazi mdomoni, na baadhi bado zina kadmiamu au kobalti. Kuanzia mwaka 1917, huko Orange, New Jersey, Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, na waliambiwa haina madhara. Taya zao zilioza, mifupa ikavunjika, wengi walikufa wakiwa vijana, na watano waliokwenda mahakamani walifikia suluhu na kampuni mwaka 1928 wakiwa tayari wagonjwa mno. Rangi yako haina radiamu. Lakini walikuwa mafundi wa kazi ndogo kama sisi, wakitafuta ncha kali kama unayoitafuta wewe, na siwezi kuona mtu akilamba brashi nisiwakumbuke. Karatasi yenye unyevu au kiganja kinatoa ncha ile ile.

Basi mpangilio wako ni huu: lenzi, brashi namba 1, sabuni. Kibao chenye unyevu na kile kizibo cha kushikia kisanamu tengeneza mwenyewe. Zile brashi za 20/0 usizitupe. Hufaa kung'olea unyoya mdogo wa vumbi ulionasa kwenye rangi mbichi.

Siku brashi ikifika, usianze na uso mpya. Chukua askari wa zamani uliyemkataa, mpake rangi ya msingi upya kwa tabaka jembamba na laini, kwa sababu rangi ya msingi yenye chengachenga huivuruga ncha yoyote. Anza na macho kabla ya ngozi. Jaza tundu lote la jicho rangi ya kahawia iliyokoza, wala usijali ikimwagika nje. Juu yake weka weupe, na usitumie nyeupe kabisa. Tia kijivu kidogo au rangi ya mfupa, kwa sababu nyeupe tupu ndiyo inayomfanya mtu aonekane ameshtuka. Acha ukingo wa kahawia uonekane juu na chini. Kisha mboni: ishuke kutoka kope ya juu hadi ya chini kama mstari mfupi wa wima, isibaki nukta inayoelea katikati. Mboni inayogusa kope zote mbili hutulia. Anza na jicho la upande ulio mgumu kwako, kwa anayetumia mkono wa kulia mara nyingi ni la kulia la kisanamu, halafu ulifuatishe la pili. Ukikosea, una sekunde chache za kuiondoa rangi kwa brashi safi yenye unyevu. Zikipita, acha ikauke, funika kwa kahawia, anza tena. Ngozi utaipaka mwisho kuzunguka jicho, na hiyo ngozi ndiyo itakayolikata jicho liwe na umbo, kwa hiyo hata mstari uliokwenda nje kidogo utafichwa nayo. Fanya macho kumi namna hiyo kwenye askari watano wa zamani kama huyo, uyafute na kuyarudia, kabla ya kumgusa askari unayempenda.